UZI: "Huyo alikuwa na magonjwa mengine." Dengue kali humshika nani, na nani anafaa kujibu?

Sheria za hapa ni zile zile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Ukianza kutaja watu kule chini nitakufungia na tutabaki marafiki tu. Tunashika hoja. Uzi wa leo ni mrefu, mwenye chai aisogeze.

Hoja yenyewe mmeisikia kila mvua ikinyesha Pwani. Mgeni mmoja redioni anasema watu wanakufa na dengue na viongozi wamelala. Wa upande wa pili anavuta maikrofoni: "Tusitishe wananchi. Yule mzee alikuwa na sukari. Yule mama alikuwa na presha. Dengue ni homa tu, inapita." Mtangazaji anakimbilia tangazo la biashara. Mjadala umeisha hapo.

Ubaya ni kwamba kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Wengi wanaoambukizwa dengue hata hawajui. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba kati ya watu wanne walioambukizwa, takriban mmoja ndiye anayeugua, na kati ya wagonjwa ishirini, mmoja hivi ndiye anayefika kwenye dengue kali. Na ni kweli kwamba wanaozidiwa mara nyingi wana kitu kingine mwilini au kwenye historia yao. Swali ni: je, hicho kitu kingine kinamwondolea mtu lawama, au ndicho kinachomwongezea?

Nianze na mbu mwenyewe, haraka haraka. Anaitwa Aedes aegypti, yule mdogo mwenye madoadoa meupe miguuni. Huyu si mbu wa malaria. Anauma mchana, sana sana asubuhi na jioni kabla giza halijaingia. Haendi mbali, kwa kawaida anaishi na kufa ndani ya mita mia chache kutoka alikozaliwa. Na hapendi maji machafu ya mtaro kama tunavyodhani. Anapenda maji yaliyotulia kwenye pipa, tanki lisilofunikwa, tairi kuukuu, kifuu cha nazi, ndoo ya nyuma ya mlango. Anataga mayai yake ukutani mwa chombo, na mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi kisha maji yakirudi yanaanguliwa kama hakuna kilichotokea.

Jina nalo lina hadithi. Daktari mmoja aliyefanya kazi Zanzibar karne ya 19, James Christie, aliandika kwamba homa iliyopita kisiwani mwaka 1823 na tena 1870 wenyeji waliiita kidinga pepo. Kuna wanaoamini neno dengue lilitoka huko, likasafiri likageuzwa ulimi. Leo Watanzania wanaiita kidingapopo. Ila wanahistoria wa tiba wameitazama tena ile homa ya Zanzibar wakasema dalili zake zinafanana zaidi na chikungunya, kwa vile ilikuwa inaumiza viungo mno. Kwa hiyo huenda tuliipa dunia jina la ugonjwa ambao hata hatukuwa nao. Haya, turudi kazini.

Kenya mlipuko wa kwanza kuandikwa ulikuwa 1982, Malindi na Kilifi. Mwaka 2011 ikapiga Mandera. 2013 ikaja Mombasa. 2017 Mombasa tena. 2021 Mombasa na Lamu. Sasa kuna jambo ambalo sijawahi kulisikia likitajwa kwenye mjadala hata mmoja, na ndilo linalobeba uzi mzima: dengue si ugonjwa mmoja. Ni virusi vinne vya ukoo mmoja, vinaitwa aina ya 1, ya 2, ya 3 na ya 4. Ya 1982 ilikuwa aina ya 2. Ya Mandera ilikuwa aina ya 3. Na Mombasa 2013, aina ya 1, ya 2 na ya 3 zote zilipatikana ndani ya mji mmoja, mwaka mmoja.

Kwani inajalisha nini ni aina gani, homa si homa? Inajalisha sana.

Ukiugua aina moja ukapona, unapata kinga ya aina hiyo kwa maisha. Kwa miezi kadhaa unakuwa na kinga kiasi dhidi ya zile nyingine pia. Baadaye hiyo kinga ya pembeni inapungua, na hapo ndipo mambo yanageuka. Ukikutana na aina tofauti, kingamwili zako za zamani zinaitambua nusu nusu. Zinaishika lakini hazina nguvu ya kuimaliza. Halafu zile seli zako za ulinzi ambazo kazi yake ni kumeza kila kilichoshikwa na kingamwili, zinameza. Kirusi kinaingia ndani ya seli zile zile kinazopenda kuzalia. Ni kama askari wa lango amemshika mwizi mkono, akaona amvalishe kitambulisho cha mgeni na kumpeleka mpaka sebuleni.

Wazo hilo lilisukumwa na mtafiti Mmarekani, Scott Halstead, aliyefanya kazi Bangkok miaka ya 1960. Aliona watoto waliokuwa wanazidiwa walikuwa wa makundi mawili: waliokuwa wanaugua mara ya pili, na wachanga waliokuwa wanaugua mara ya kwanza lakini mama zao walishapata dengue. Hawa wachanga wamerithi kingamwili za mama tumboni. Miezi ya mwanzo zinawalinda. Karibu na miezi 6 hadi 9 zimepungua kiasi cha kutolinda tena, ila zimebaki za kutosha kumvalisha mwizi kitambulisho.

Lakini nchi iliyotoa ushahidi ambao hata mbishi wa kijiweni atanyamaza ni Cuba. Mwaka 1977 aina ya 1 ilipita kisiwani, ikaambukiza karibu nusu ya watu, wengi wakaugua kidogo wakapona. Mwaka 1981 ikaja aina ya 2. Wagonjwa zaidi ya 344,000, wenye dengue kali zaidi ya 10,000, waliofariki 158, na 101 kati yao watoto. Halafu mwaka 1997 aina ya 2 ikarudi katika mji wa Santiago de Cuba. Safari hii waliozidiwa hawakuwa watoto. Walikuwa watu wazima, wale waliokuwa hai wakati wa aina ya 1 miaka ya sabini. Watoto waliozaliwa baadaye hawakuwa na historia hiyo, kwa hivyo wakapata homa ya kawaida. Miaka 20 imepita na mwili bado unakumbuka.

Rudini Mombasa na mfano huo kichwani. Mei 2013 watafiti walipita nyumba kwa nyumba eneo la Tudor, wakapima watu 1,500. Asilimia 13 walikuwa na dalili kwenye damu kwamba wana dengue au wameipata karibuni. Huo ni mtaa mmoja, msimu mmoja. Mtoto wa miaka 10 wakati ule sasa ni mtu mzima, pengine ana mtoto wake. Akiniambia "mimi nilishaugua dengue, nina kinga", nitamwambia kinga unayo ya aina moja. Kwa zile tatu nyingine, wewe ndiye wa kuangaliwa kwanza.

Hapa niwe mwangalifu, maana kuna watu watachukua sentensi hiyo wakimbie nayo. Wengi wanaougua mara ya pili wanapona vizuri. Na mtu anaweza kuzidiwa hata mara ya kwanza. Pia kiwango cha kingamwili kinajalisha: utafiti uliofuata maelfu ya watoto jijini Managua, Nicaragua, kwa zaidi ya mwaka kumi, uliochapishwa 2017, ulionyesha hatari iko kwa wale wenye kingamwili za kiasi cha katikati kuelekea chini. Wenye nyingi wanalindwa. Kwa hiyo tunazungumzia hatari kupanda, hatusomi hukumu.

"Lakini Waafrika hatupati dengue kali." Hii nimeisikia kwa mtu mwenye digrii tatu. Ina mzizi: huko huko Cuba iligunduliwa kwamba watu weusi walizidiwa kwa kiwango kidogo kuliko weupe, na kuna wanaochunguza kama jeni zinachangia. Sawa. Ila kiwango kidogo si sifuri. Burkina Faso mwaka 2023 ilipata mlipuko ambao zaidi ya watu 600 walifariki miongoni mwa walioshukiwa kuwa na dengue. Walikuwa Waafrika kama mimi na wewe. Halafu kuna jambo lingine: kama hupimi, huwezi kuhesabu. Mtu akifika hospitali na homa Pwani, jina la kwanza kinywani ni malaria. Akifariki, hilo jina linaenda naye kaburini. Kisha tunasoma takwimu tunasema, mnaona, huku kwetu dengue haiui.

Sasa hayo "magonjwa mengine". Tafiti za nchi nyingi zinarudia orodha ile ile: kisukari, presha, ugonjwa wa figo, pumu, selimundu, unene uliopita kiasi. Ongeza ujauzito, ongeza wazee, ongeza watoto wadogo sana. Sababu haifanani kwa kila mmoja. Tuelewe kwanza dengue kali inaua vipi, ndipo orodha hiyo iingie akilini.

Watu wanadhani ni kutoka damu. Damu inaweza kutoka ndiyo, lakini muuaji mkubwa ni kuvuja. Kuta za mishipa midogo ya damu zinalegea, maji ya damu yanapenya nje, yanakaa tumboni na kuzunguka mapafu. Kinachobaki ndani ya mshipa ni damu nzito, kidogo. Moyo unasukuma lakini hakuna cha kutosha kusukumwa. Presha inaanguka, mikono inakuwa baridi, viungo vya ndani vinakosa damu. Mtoto mishipa yake kiasili inavuja kwa urahisi zaidi. Mwenye kisukari mishipa yake tayari imechoka. Mwenye figo mbovu hawezi kurekebisha maji mwilini. Mzee moyo wake hauna akiba. Mjamzito dalili zake zinajificha kwa sababu mwili wake umeshabadilika, na akitoka damu wakati wa kujifungua, ni watu wawili hatarini.

Kwa hiyo mwanasiasa akisema "alikuwa na sukari", ametaja kipengele cha hatari, sawasawa kabisa, halafu akakitumia kinyume. Mzee mwenye mkongojo akigongwa na matatu isiyo na breki hatusemi ameuawa na mkongojo. Tunasema hakuweza kukwepa. Na kama unajua mtaa wako umejaa wazee wenye mikongojo, ndiyo sababu ya kukagua breki mapema. Watu wenye sukari na presha Pwani si siri. Wana kadi za kliniki, wana siku zao za kuchukua dawa. Kama kuna kundi ambalo ofisi ya afya inaweza kulifikia kabla ya mvua na kuliambia "ukipata homa msimu huu usikae nyumbani", ni hilo.

Nisimulie kitu cha nyumbani, nimekaa nacho muda.

Shangazi yangu anauza viazi karai na bajia nje ya nyumba, Mombasa. Ana presha, anameza dawa yake kila siku. Msimu mmoja alishikwa na homa, kichwa, macho yanauma kwa nyuma, mgongo kama umevunjwa. Akaenda kituo kimoja cha afya cha karibu, sitakitaja. Kipimo cha malaria kikasema hakuna. Hata hivyo akapewa dawa ya malaria, "ya tahadhari", na kwa ajili ya maumivu akadungwa sindano ya diklofenaki. Akaambiwa arudi nyumbani.

Siku ya nne homa ikashuka. Nyumba nzima tukashukuru. Binamu akapika uji, majirani wakaja kumpa pole ya mwisho mwisho, shangazi mwenyewe akasema kesho anawasha jiko la viazi. Jioni akaanza kutapika na haachi. Tumbo linauma. Akawa mchovu kiasi cha kutojibu anapoitwa. Tukasema ni njaa, hajala siku nyingi. Ni jirani mmoja, dada aliyewahi kulazwa na dengue, aliyesimama mlangoni akauliza: "Fizi zake mmeziangalia?" Zilikuwa zinatoa damu. Tukakodi tuktuk usiku ule.

Alipona. Alikaa wodini siku tano. Daktari alitueleza kitu ambacho sitakisahau: ile siku tuliyosherehekea ndiyo ilikuwa siku ya hatari. Dengue ina awamu. Siku za mwanzo ni homa kali. Kati ya siku ya 3 na ya 7, homa inaposhuka, ndipo mishipa huanza kuvuja kwa wale watakaozidiwa, na dirisha hilo ni la saa 24 hadi 48. Ndani ya dirisha hilo mgonjwa akiangaliwa na kupewa maji kwa kipimo, karibu kila mtu anatoka salama. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasema kwa huduma nzuri vifo vya dengue kali vinashuka chini ya asilimia 1. Bila hiyo huduma vinaweza kupanda mara nyingi zaidi.

Kwa hiyo zishikeni hizi dalili, mtumie mama, mtumie kundi la familia: maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, damu kwenye fizi au pua au choo, kupumua kwa shida, uchovu wa kupitiliza au mtu kuhangaika asitulie, na hasa kama zinakuja homa ikishashuka. Moja tu inatosha kwenda hospitali. Msisubiri asubuhi.

Na dawa. Homa ambayo hujui ni ya nini na uko eneo la dengue, tumia paracetamol kwa kipimo chake, kunywa maji mengi. Achana na asprini, ibuprofeni na diklofenaki, kwa sababu zinaongeza uwezekano wa kutokwa damu, na mgonjwa wa dengue tayari chembe zake za kugandisha damu zimepungua. (Anayemeza asprini kila siku kwa amri ya daktari wa moyo asiache kivyake, amuulize daktari.) Dripu nayo si ya kutiwa na mtu mtaani. Maji yakizidi, yakati mishipa inavuja, yanaishia kwenye mapafu.

Sasa niambieni, presha ya shangazi ilikuwa ndiyo tatizo peke yake? Kulikuwa na presha, ndiyo. Kulikuwa pia na kituo kisicho na kipimo cha dengue, kwa sababu kipimo hicho mara nyingi ni cha kulipia maabara binafsi. Kulikuwa na sindano isiyofaa. Kulikuwa na familia ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiambia kuhusu siku ya nne. Kuchelewa kutibiwa ni kipengele cha hatari kama kisukari kilivyo kipengele cha hatari. Tofauti ni kwamba hiki cha pili tumezoea kumlaumu mgonjwa, na cha kwanza hatuna tulichozoea kumlaumu nacho mtu yeyote.

Hapo ndipo somo langu linaingia, maana mimi si daktari, mimi nasoma siasa. Fungueni Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Sehemu ya kazi za kaunti: vituo vya afya vya kaunti na maduka yao ya dawa, magari ya wagonjwa, afya ya msingi, uzoaji taka, mitaro ya maji ya mvua mijini, huduma za maji na usafi. Dengue ni karibu orodha hiyo yote ndani ya ugonjwa mmoja. Serikali ya kitaifa ina sera ya afya na hospitali kuu za rufaa. Kwa hivyo mtu wa kaunti akisema "hilo ni la Nairobi", muulize ni lipi hasa: taka, maji, au zahanati?

Lakini na wa kitaifa asitoroke. Sera ya ni vipimo gani viwe kwenye zahanati, mwongozo wa kutibu homa isiyo malaria, mafunzo: hayo yanaanzia juu. Na maji ya Mombasa yanatoka mbali, Mzima, Marere, Baricho, na miundombinu mikubwa ya kuyaleta iko chini ya wakala wa kitaifa. Kaunti inagawa kinachofika. Ukikaa kwenye jukwaa la siasa usiku kucha utaona mpira unarushwa kati ya hao wawili, na kila mmoja ana karatasi ya kumwonyesha mwenzake.

Maji ni muhimu kwa sababu ndiyo yanayojenga mbu. Mtaani kwetu mfereji unatoa siku kadhaa kwa wiki, ukibahatika. Siku nyingine unangoja mkokoteni wa mitungi. Mtu wa hivyo atafanya nini? Ataweka akiba. Mapipa mawili, matanki, ndoo, beseni. Kisha afisa wa afya anapita anamwambia "ondoeni maji yaliyotuama nyumbani". Bwana, hayo ndiyo maji yangu ya kunywa.

Lamu 2004 ilitufundisha hili na tukasahau. Mbu yule yule, ugonjwa wa chikungunya, na haikuwa mvua iliyouleta. Ulikuwa ukame. Watu waliweka maji ndani kwa sababu hayakuwepo nje, na vyombo havikusafishwa. Uchunguzi wa damu baadaye ulionyesha takriban asilimia 75 ya watu walikuwa wameambukizwa. Kwa hivyo yule anayesema "ni msimu wa mvua tu, itapita" amesema nusu. Mvua inazalisha mbu, na kukosa maji kunazalisha mbu.

Pia kuna picha mnayoijua: gari linapita mtaani likitoa moshi, kamera za habari mbele, kiongozi amevaa barakoa. Kupuliza dawa kunaua mbu wanaoruka siku hiyo. Hakugusi mayai yaliyo ukutani mwa pipa wala viluwiluwi majini, na ndani ya siku chache kizazi kipya kinatoka. Sisemi kusipulizwe wakati wa mlipuko. Nasema ukipuliza bila kugusa mapipa umenunua picha. Kazi inayosaidia haina picha nzuri: mfuniko wa tanki, kusugua kuta za chombo kila wiki (kusugua, si kumwaga tu, yale mayai yanang'ang'ania), kuzoa matairi, na wahudumu wa afya wa jamii wanaojua kusoma dalili.

Wengine watasema suluhisho ni chanjo. Hapa nawaomba subira pande zote. Ufilipino mwaka 2016 ilianza kuchanja watoto wa shule, zaidi ya 800,000. Novemba 2017 kampuni iliyoitengeneza, Sanofi, ikatangaza kwamba kwa mtoto ambaye hakuwahi kupata dengue, chanjo hiyo inaweza kuongeza uwezekano wa kuzidiwa akiambukizwa baadaye. Mmeona ilivyo? Chanjo ilifanya kazi ya maambukizi ya kwanza, kirusi halisi kikawa cha pili. Mantiki ile ile ya Cuba. Kilichofuata kilikuwa siasa tupu, kesi, vikao vya bunge vinavyooneshwa moja kwa moja, na wazazi wakaanza kuogopa hata chanjo nyingine zisizohusika. Mwaka 2019 nchi hiyo ikatangaza mlipuko wa surua.

Kuna chanjo nyingine mpya ambayo Shirika la Afya Duniani limeipendekeza tangu 2023 kwa watoto wa miaka 6 hadi 16 kwenye maeneo yenye maambukizi mengi. Maneno ya kushika ni "yenye maambukizi mengi". Kujua kama Pwani iko kwenye kundi hilo kunahitaji kupima damu za watu, kwa mpango, mwaka hadi mwaka. Tunarudi kule kule: anayepinga kupima leo hana haki ya kuahidi chanjo kesho, na anayeahidi chanjo bila kutaja kupima hajasoma.

Kwa hiyo kikao kijacho cha bajeti kwenye wadi yenu, na vikao hivyo ni haki yenu kwa Katiba, msiende kuuliza "mnafanya nini kuhusu dengue?" Watawajibu "tunashughulikia". Ulizeni: vipimo vya dengue vingapi vimenunuliwa kwa zahanati za wadi hii mwaka huu? Wagonjwa wangapi waliopimwa malaria wakakutwa hawana walipimwa kitu kingine? Ni nani amefunzwa kuacha diklofenaki kwa homa isiyojulikana? Hospitali ya karibu inaweza kuhesabu chembe za damu usiku, au mashine inafungwa saa kumi na moja jioni? Maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, na ratiba iko wapi? Maswali yenye nambari yanamkosesha mtu mahali pa kujificha.

Na akisema "waliofariki walikuwa na magonjwa mengine", mjibu kwa adabu: "Ahsante mheshimiwa. Tuonyeshe basi mpango wenu kwa watu wenye hayo magonjwa mengine." Halafu nyamaza. Acha maikrofoni ikae kwake.

Nimeona mmeanza kuuliza kule chini. Neti inasaidia? Kwa dengue kidogo, kwa sababu mbu huyu ni wa mchana, lakini mtoto anayelala mchana alale ndani ya neti, na mgonjwa mwenyewe alale ndani ya neti ili mbu wasimuume wakaambukiza wengine. Maji ya majani ya mpapai? Sijaona ushahidi wa kutosha wa kumfanya mtu aache kwenda hospitali, mkipenda yanyweni njiani mkienda. Inaambukiza kwa kukaa karibu na mgonjwa? Hapana, mpaka mbu apite katikati.

Shangazi anauliza niwaambie kwamba tanki lake sasa lina mfuniko, ingawa alilazimika kulifunika kwa mlango wa friji mbovu. Alhamisi nitakuwa na uzi wa madeni ya kaunti kwa wauzaji wa dawa.